Siku ya Posa Mkasi Hufichwa

Asubuhi ile mama aliniambia nifiche mikasi yote ya nyumba. Tunayo kumi na mmoja, maana sisi tunaishi kwa kukata na kufunga. Tunasokota nyuzi za karatasi, nyekundu kwa nyeupe, dhahabu kwa fedha, tunazifunga juu ya bahasha za harusi, na nusu ya maharusi wa mji wetu wa Kanazawa wamepokea baraka zao zimefungwa na vidole vya mama yangu. Lakini siku ya posa mkasi hauonekani, na mbele ya wageni hata jina lake halitajwi. Ukitaja kukata mbele ya wachumba, umewakatia ndoa kabla haijaanza.

"Yote kumi na mmoja?" mama aliuliza.

"Yote, mama. Iko kwenye droo ya chini."

"Na ule wa jikoni?"

"Huo ndio wa kumi na mmoja."

"Usinichekee, Natsuno. Siku ya posa ya shangazi yako, mtu alisahau mkasi juu ya kabati. Mume wake yuko wapi leo?"

"Yuko Osaka na mwanamke wa duka la viatu. Sasa mkasi una kosa gani hapo?"

Mama alinyoosha mkeka ambao ulikuwa umenyooka tangu jana, akaenda kuchemsha chai.

Nina miaka thelathini na miwili na sina ndugu. Baba alifariki miaka minane iliyopita. Nyumba kama yetu ikikosa mtoto wa kiume, binti haolewi akaondoka. Mume ndiye anayeingia, anaacha jina la kwao, anachukua letu, na siku moja kibao cha jina mlangoni kinakuwa chao wawili. Ryohei alikuwa anakuja kuomba kuingia. Ryohei, mtunza bustani, mtu wa kupanda misonobari na kushuka nywele zimejaa majani. Mjomba Tetsuji, binamu mdogo wa mama, alimkataa kabla hajamwona. Mama alisema atamwona mara moja tu, na neno lake litakuwa la mwisho. Hapo ndipo roho yangu ilipokuwa imening'inia: mara moja tu.

Na mimi nilikuwa na sababu yangu ya kutetemeka ambayo hawakuijua.

Jana yake, Jumapili baada ya chakula cha mchana, tulikuwa darini kwa Mama Kiyo. Huyu ni mwanamke wa miaka sitini na tano aliyemaliza ujana wake akiwavalisha waigizaji wa jukwaani, na mlangoni kwake kuna kibao kinachosema anafundisha kuvaa kimono. Anafundisha kweli, Jumanne. Jumapili tunakwenda sisi: daktari wa meno, dada mmoja wa posta, mzee mstaafu na mke wake, mimi na Ryohei. Tunavua viatu, tunakunywa chai, halafu tunafungana kamba.

Ndiyo, nimesema. Kamba nyembamba za nyuzi za gunia, zimechemshwa, zimeanikwa, zimepitishwa juu ya moto ili vinyweleo vyake viungue, zimepakwa mafuta mpaka zimelainika. Anayetaka kufungwa anasema mwenyewe kwamba anataka. Akisema basi, anafunguliwa, hata kama neno halijatoka lote mdomoni. Mkasi unawekwa kando ya goti la mfungaji kabla kamba haijakunjuliwa, na mfungaji kila mara anaingiza vidole vyake kwenye kiganja cha mwenzake na kumwambia, "Nibane." Akibana kwa nguvu, damu inatembea. Akilegea, kamba inatoka. Na jina la mtu aliyepanda ngazi ile halishuki kwenda mtaani.

Mnaweza kudhani Ryohei ndiye anayenifunga mimi. Hapana. Mfungaji ni mimi.

Siku ya kwanza alipokubali nimfunge, alilia. Niliogopa nikashika mkasi, akatikisa kichwa. "Niko sawa," alisema. "Kutwa nzima watu wananiuliza, mti huu utapona, tawi hili litahimili? Wewe unaniuliza kama mimi ninahimili." Tangu siku hiyo nikampenda, na sikuwa na njia ya kurudi nyuma.

Sasa jana nilifanya ujinga. Nilimfunga mkono wa kushoto, juu kidogo ya kifundo, kwa fundo la nyumba yetu, lile la vitanzi vitatu ambalo bibi yangu alimfundisha mama na mama akanifundisha mimi. Nilitaka kuliona juu yake. Mama Kiyo alinitazama kwa pembeni.

"Mwanangu, hapa hatuwawekei watu mihuri."

"Dakika chache tu, Mama Kiyo."

Dakika chache zikawa nyingi. Nilimuuliza Ryohei mara mbili kama yuko sawa, mara mbili akasema yuko sawa. Nilipofungua, fundo lilikuwa limezama kwenye nyama, na alama yake ikabaki pale nyekundu, kitanzi kwa kitanzi, unaweza kuisoma. "Itaondoka usiku," alisema, akashusha mkono wa shati. Nililala nikiiomba ngozi yake iwe na haraka.

*

Alifika saa tano kasoro dakika tano, amelowa chapachapa. Radi ya Novemba ilikuwa inanguruma upande wa bahari tangu alfajiri, na mvua ilikuwa inakuja na kukatika. Amevaa suti nyeusi ya kaka yake, imembana mabegani.

"Umesahau mwavuli," mama alisema, hata hajamkaribisha. Katika mji huu mtoto anafundishwa ni heri asahau chakula chake, asisahau mwavuli.

"Nimemwachia bibi mmoja kituo cha basi, mama. Alikuwa na mzigo."

"Bibi gani?"

"Simjui."

Mjomba Tetsuji alicheka kwa puani. Alikuwa ameshakaa mahali pa heshima, ameshakunywa vikombe viwili. "Anagawa miavuli kwa asiowajua. Akiingia humu atagawa na nyumba."

"Kaa, kijana," mama alisema.

Ryohei alipiga magoti juu ya mkeka, akaweka boksi la vitumbua vya mchele mbele yake, akainama mpaka paji la uso likagusa chini. "Naitwa Togashi Ryohei. Naomba mniingize katika nyumba hii."

Sikumtazama. Nilikuwa natazama mkono wake wa kushoto. Shati lilikuwa limeshuka mpaka kwenye kiganja, limefungwa kifungo. Nikavuta pumzi.

"Jina la baba yako utaliacha?" mama aliuliza.

"Nitaliacha. Nina kaka wawili, halitapotea."

"Na miti?"

"Miti sitaiacha, mama. Mchana nitakuwa juu ya miti, jioni nitasokota nyuzi."

"Mkwe wa juu ya matawi," Mjomba alisema. "Mgeni akija tutampigia filimbi ashuke."

"Tetsuji, kunywa chai yako." Mama hakucheka, lakini kona ya mdomo wake ililegea kidogo, na mimi ninayemjua niliona. "Angalau hadanganyi. Wote waliokuja kabla yake walisema wataacha kila kitu."

Moyo ulinipaa. Nilimtazama Ryohei, naye akanitazama, na macho yake yakaniambia tunaelekea kufika. Laiti mama angeishia hapo.

Alinyanyuka, akarudi na sinia dogo. Juu yake kulikuwa na nyuzi tano za karatasi, za dhahabu.

"Mama," nilisema, "hilo si hufanywa siku ya harusi?"

Katika nyumba yetu anayeingia hufunga fundo la nyumba mbele ya mkubwa wa nyumba. Baba alilifunga. Mama anasema ilimchukua saa tatu na jasho lilidondoka kwenye sinia. Lakini lilikuwa jambo la harusi, baada ya watu kukubaliana.

"Neno la mtu nimelisikia," mama alisema. "Nataka kuona mikono yake. Sihitaji alijue leo. Nitamwonyesha mara moja, nione anavyoshika."

"Kwa furaha, mama," Ryohei alisema, akanyoosha mkono.

"Subiri. Umelowa. Maji yakigusa karatasi hii imeharibika. Kunja mikono ya shati."

Ryohei alifungua kifungo cha mkono wa kulia, akaukunja taratibu mpaka kwenye kiwiko. Mkono msafi, mikwaruzo ya kazi tu. Akaunyoosha juu ya sinia.

"Naweza kutumia huu, mama."

"Fundo la mkono mmoja mimi silijui."

"Mama, mletee taulo ajifute kwanza," nilisema, na sauti yangu ikatoka juu mno. Mama aligeuka akaniangalia mimi, si yeye.

"Taulo halikaushi shati. Kuna nini?"

"Hakuna, mama."

"Basi akunje."

Akakunja.

Ngozi haikuwa na haraka. Alama ilikuwa imegeuka zambarau usiku, imeiva, imetulia pale juu ya kifundo mithili ya mhuri wa posta. Mjomba alishusha kikombe.

"Pingu hizo," alisema. "Dada, nilikwambia. Kijana, umetoka jela ya wapi?"

"Hapana, mjomba. Ni kamba za kazini." Ryohei alisema akitazama sinia. "Mwezi huu tunafunga matawi ya misonobari, theluji isiyavunje. Kamba ilinizunguka."

Njia ya mwongo ni fupi, na yake haikufika hata mlangoni. Mama alimshika kifundo, akakigeuzia dirishani kwenye mwanga, kama anavyogeuza kazi ya mwanafunzi kabla ya kuifumua.

"Miti mnaifunga kwa kamba ya mabua ya mpunga," alisema. "Kamba ya mabua inachuna ngozi. Haichapi hivi. Hii ilikuwa kamba laini, imepakwa mafuta." Kidole chake kikafuata kitanzi cha kwanza, kikafuata cha pili. "Na haikumzunguka mtu kwa bahati mbaya. Hili ni fundo."

Kidole kikafika kitanzi cha tatu, kikasimama.

Sasa hapo niseme. Nyumba zote za mji huu zinazofanya kazi yetu hupitisha kitanzi cha tatu juu. Sisi tunakipitisha chini. Bibi ndiye aliyeanza, hakuna anayejua kwa nini, na duniani waliobaki na mkono huo ni watu wawili. Mmoja alikuwa ameshika kifundo cha mchumba wangu. Nikajiambia hajaona. Ana miaka sitini na mmoja, macho yake yamechoka na nyuzi. Mtu akitaka kujidanganya hakosi sababu.

"Nani amekufunga?" mama aliuliza.

"Siwezi kusema, mama."

"Ulifungwa kwa nguvu?"

"Hapana." Hili alilijibu upesi, akainua uso. "Hapana kabisa. Niliomba mwenyewe."

"Uliomba kufungwa?" Mjomba alirudia. "Mtu mzima?"

"Ndiyo, mjomba."

"Aliyekufunga ni mwanamke?" mama aliuliza.

"Ndiyo."

"Ni huyo huyo siku zote?"

"Ni huyo huyo."

Mjomba alipiga goti lake kofi. "Basi tumemaliza. Ana mwanamke wake wa kumfanyia mambo ya ajabu, halafu anakuja kutuletea vitumbua. Natsuno, mwanangu, pole, lakini ni heri umemjua leo. Mficha maradhi kifo humuumbua. Kijana, viatu vyako unajua ulipoviacha."

Ryohei alinitazama mara moja tu. Nilielewa. Alikuwa ananiambia ninyamaze. Alikuwa amekubali kutoka pale akiwa mhuni, mwenye mwanamke wa pembeni, gumzo la mtaa mzima kufikia jioni, ili mimi nibaki binti mwema na kibao changu mlangoni. Jina halishuki ngazi. Hata mbele ya mama yangu hakulishusha.

Na mimi, jamani, nilinyamaza. Siwezi kujipamba. Nilikaa pale nikifikiria mji huu, ambamo ukibadilisha pazia jirani anauliza nani kafariki. Nikafikiria Bi Hamada wa nyumba ya pili anayefagia mlango wake mpaka mawe yaishe. Nikafikiria bahasha zetu, nani atazinunua akisikia mikono iliyozifunga hufunga nini Jumapili. Nikafikiria uso wa mama. Huo ndio ulioniziba mdomo kuliko yote.

Ryohei aliinama tena mpaka chini. "Nisameheni kwa usumbufu," alisema. Akanyanyuka, akapita nyuma yangu, nikasikia harufu yake ya mvua na majani. Akafika sehemu ya viatu, akakaa kwenye ngazi kuvaa.

Mama alikuwa anapanga zile nyuzi tano kwenye sinia, moja moja, zilale sawa. Wala hakunitazama.

Nilisikia kiatu cha kwanza. Nikasikia cha pili. Nikasikia mlango unaanza kuteleza kwenye reli yake, na ule mlango hulia katikati kila siku, baba alikuwa akisema kila mwaka atautengeneza. Ulipolia, nikanyanyuka.

Sijui nilivukaje mkeka. Nilimkuta ameshaweka mguu mmoja nje, mvua inampiga begani. Nikamshika mkono wa kushoto, ule ule, nikaingiza vidole vyangu kwenye kiganja chake.

"Nibane."

"Natsuno, acha. Rudi ndani."

"Nibane, Ryohei."

Akabana. Kwa nguvu, mpaka pete niliyorithi kwa bibi ikaniumiza. Nikamvuta ndani na viatu vyake, nikageuka.

"Ni mimi," nilisema. "Mama, ni mimi ninayemfunga. Mwaka na nusu sasa."

Mjomba alitazama huku na huku. "Wewe unafunga nini?"

"Yeye. Kwa kamba. Akitaka, na mimi nikitaka. Hakuna mwanamke mwingine."

"Najua," mama alisema.

Alikuwa bado ameinamia sinia.

"Nimejua tangu kitanzi cha tatu. Mkono wa nyumba hii nisiujue? Nilikuwa nakusubiri, nione kama utamwacha atoke." Akainua uso. Nimemwona mama akimzika mume wake, na uso wake haukuwa hivi. "Umechelewa, Natsuno. Mguu mmoja ulishatoka."

"Najua, mama. Nisamehe."

"Mimi? Muombe yeye. Leteni hapa huo mkono."

Tukarudi, Ryohei akavua viatu vyake mara ya pili, tukapiga magoti mbele yake pamoja. Mama aliweka kidole kwenye alama.

"Hii imekaa muda mrefu. Mimi kamba zenu sizijui, lakini ngozi naijua. Kwa nini hukumfungua mapema?"

"Nilimuuliza, mama. Nilimuuliza mara mbili kama yuko sawa. Alisema yuko sawa."

Ryohei alikohoa. "Sikuwa sawa."

Nikamgeukia. "Unasemaje?"

"Ilikuwa inabana. Tangu mwanzo mwanzo. Sikusema."

"Nilikuuliza, Ryohei. Mara mbili. Nilikutazama machoni."

"Nilitaka ibaki mpaka leo. Nilikuwa naogopa kuja hapa. Nikasema nikiwa nayo chini ya shati, nitaingia nikiwa nimeshafungwa na wewe, watanitisha na nini?"

"Una wazimu wewe?" Nilisahau mama, nilisahau Mjomba, nilisahau siku. "Unajua kuna mishipa hapo? Unataka upoteze vidole, ushuke kwenye mti kwa meno? Mimi nakufunga kwa kuamini mdomo wako. Ukinidanganya mara moja, nitajuaje siku nyingine? Nitakugusaje tena? Niambie."

"Nimekosa."

"Umekosa, ndiyo umekosa. Na leo tena, unanyamaza unaniondokea na viatu mguuni, unadhani unanisitiri. Nani alikwambia nataka kusitiriwa hivyo? Kwetu mtu akiumia anasema."

"Na wewe ulinyamaza," alisema kwa upole.

Machozi yalinitoka, nikayafuta kwa mkono wa kimono, ile nzuri. "Na mimi nilinyamaza," nikasema. "Nimekosa."

Mjomba alikuwa ametazama dirishani kama mtu aliyeingia choo kisicho chake. Mvua ilizidi. Mama alimimina chai, akaisahau.

"Kwa hiyo akisema inauma, unafungua," alisema hatimaye.

"Hapo hapo, mama."

"Hata kama kazi ni nzuri. Hata kama imebaki kidogo."

"Hata kama imebaki kitanzi kimoja."

"Na wewe kijana, akikuuliza tena, utasema kweli?"

"Nitasema kweli, mama."

Mama alinigeukia. "Baba yako alikuwa mtu mwema," aliniambia mimi. "Miaka ishirini na saba hakuwahi kuniuliza kama niko sawa. Na mimi sikuwahi kumwambia." Akavuta sinia karibu. "Mambo yenu siyataki kichwani. Sitaki kuhadithiwa. Siyapendi, na msinilazimishe niyapende."

"Ndiyo, mama."

"Utaacha?"

Hili lilikuwa swali lenyewe. Ningeweza kusema nitaacha, na pengine angenipa kila kitu. Mkono wa Ryohei ulikuwa kando ya wangu, alama juu, na nilijua nikidanganya pale nitakuwa nimefanya kosa lile lile nililomgombezea sasa hivi.

"Hapana, mama. Sitaacha."

Mjomba alifungua mdomo. Mama aliinua kiganja, Mjomba akaufunga.

"Huko mnakokwenda," mama aliuliza polepole, "mkasi unakaa wapi?"

Nikashtuka kusikia neno hilo siku ile, mbele ya mchumba. "Kando ya goti langu, mama. Kabla kamba haijakunjuliwa. Ni sheria ya kwanza."

Mama alinyanyuka. Magoti yake yalilia. Akaenda kwenye kabati, akavuta droo ya chini, na mikasi kumi na mmoja ikagongana mle ndani.

"Dada," Mjomba alisema kwa sauti ya chini. "Leo? Dada, siku kama ya leo?"

"Leo."

Alirudi na ule mdogo wa mshiko mweusi, aliopewa na bibi siku alipoanza kazi. Akauweka juu ya mkeka kando ya goti langu la kulia. Akausogeza kidogo, uwe karibu zaidi na mkono. Halafu akalisukuma sinia mpaka mbele ya Ryohei.

"Niliomba kuona mikono, bado sijaiona. Natsuno, mwonyeshe. Kitanzi cha tatu kinapita chini, asije akanitia aibu."

Ryohei alichukua uzi wa kwanza. Nikaweka mkono wangu juu ya wake, nikauongoza.

"Tetsuji," mama alisema, "wewe leo hukuona kitu."

"Nione nini? Hata sijaelewa."

"Vizuri. Na wewe, Ryohei, ukimaliza shusha mikono ya shati kabla hujatoka. Hamada anafagia mlango wake tangu saa nne, na mvua yote hii."